Muungano uliotangulia taifa

Kiswahili kina neno moja, Uingereza, kwa vitu viwili. Tunaliita hivyo dola lililotutawala, lenye mfalme wake London na kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na tunaiita hivyohivyo England, ambayo ni sehemu mojawapo tu ya dola hilo. Gazeti moja huweza kuandika kwenye ukurasa wa kimataifa kwamba Uingereza imetia saini mkataba, kisha ukifika kurasa za nyuma unakuta England, Scotland (yaani Uskoti) na Wales, kila moja na timu yake. England na Scotland zimekuwa zikikutana uwanjani tangu Novemba 30, 1872, zilipotoka sare bila kufungana mjini Glasgow. Katika hili mwandishi wa michezo ndiye aliye sahihi zaidi. Neno letu limetufichia jambo la msingi katika historia ya visiwa vile: kwamba Ubritania, yaani ule utambulisho unaowaweka pamoja Waingereza, Waskoti, Wawelisi na sehemu ya Waairishi, haukuchimbuka kwenye damu. Ulianza kama mkataba wa wanasiasa, moyo ukatafutwa baadaye.

Mkataba wenyewe una tarehe. Ulianza kutumika Mei 1, 1707. Kwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya hapo, tangu James wa Sita wa Uskoti aliporithi kiti cha Elizabeth wa Kwanza wa England mwaka 1603, nchi hizo mbili zilikuwa na mfalme mmoja, lakini kila moja ilibaki na bunge lake, sheria zake na kanisa lake. James alitaka ziitwe Britania Kuu. Bunge la England likakataa, naye akajipa cheo hicho kwa tangazo lake mwenyewe mwaka 1604. Kilichowaleta Waskoti mezani karne moja baadaye kilikuwa hasara, wala si undugu. Mwishoni mwa miaka ya 1690 walikuwa wamezamisha sehemu kubwa ya fedha za nchi yao katika koloni la Darien, huko Panama, ambako homa, njaa na Wahispania waliwamaliza walowezi. England nayo ilihofia kwamba Uskoti ingejichagulia mfalme wake na kuwafungulia Wafaransa mlango wa nyuma. Basi zikaandikwa Hati za Muungano zenye vifungu 25, na ndani yake malipo ya pauni 398,085 kwa Uskoti, ambayo sehemu yake ilikwenda kuwafidia wale waliopoteza fedha Darien. Wananchi wa Edinburgh na Glasgow waliingia mitaani kupinga. Daniel Defoe, ambaye baadaye angeandika Robinson Crusoe, alitumwa Edinburgh na serikali ya London kama mpelelezi na mpiga debe wa Muungano. Lakini tazama kile Waskoti walichobaki nacho: sheria yao, mahakama zao, kanisa lao la Kipresbiteri, vyuo vikuu vyao, na wabunge 45 katika Bunge la pamoja. Msomaji wa Tanzania anayefuatilia mjadala wa mambo ya Muungano na yasiyo ya Muungano hatahitaji kufafanuliwa zaidi.

Hati haizai taifa. Waliolizaa ni askari, wafanyabiashara na wahubiri, na walifanya hivyo kwa sababu kulikuwa na kazi ya pamoja. Kati ya mwaka 1689 na 1815 dola hilo lilipigana na Ufaransa mara kwa mara, na Ufaransa ilikuwa ya Kikatoliki wakati visiwani wengi walikuwa Waprotestanti. Adui mmoja na Biblia moja viliwakutanisha watu ambao lugha na sheria ziliwatenganisha. Mfano ulio wazi kuliko yote ni ukoo wa Fraser. Aprili 1746 Waskoti wa milimani waliomuunga mkono Charles Stuart, aliyeudai ufalme kwa ukoo wake, walivunjwa nguvu vitani Culloden, na mwaka huohuo Bunge likapiga marufuku mavazi yao. Mwaka uliofuata mkuu wa ukoo huo, Lord Lovat, alikatwa kichwa London kwa uhaini. Miaka kumi tu baadaye mwanawe, Simon Fraser, alikusanya kikosi cha watu walewale wa milimani, na mwaka 1759 kikosi hicho kilikuwa Quebec kikipigana na Wafaransa chini ya bendera ya mfalme aliyemuua baba yake. Hata maneno ya wimbo Rule, Britannia, ulioimbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1740, yanahusishwa na Mskoti, James Thomson. Aliyeingia mwisho ndiye aliyekuwa na haja kubwa zaidi ya jina jipya. Mwingereza hakulihitaji sana, maana tayari alikuwa na la kwake.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliuona Ubritania huo kwa macho yetu, ila tukauita jina lisilo lake. Konseli John Kirk, aliyembana Sultani Barghash wa Zanzibar mpaka akatia saini mkataba wa mwaka 1873 wa kufunga soko la watumwa, alikuwa Mskoti. David Livingstone, ambaye maiti yake watumishi wake Chuma na Susi waliisindikiza kwa miguu hadi Bagamoyo, alikuwa Mskoti. William Mackinnon, mwanzilishi wa kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 kuitawala nchi kuanzia Mombasa kwenda bara, alikuwa Mskoti. Joseph Thomson, aliyekatiza nchi ya Wamaasai na kumwachia jina lake swala tomi, Mskoti pia. Msafiri Stanley alizaliwa Denbigh, Wales. Kwetu wote hawa ni Waingereza. Wakikuyu ndio walioisikia tofauti: mahali Kanisa la Uskoti lilipojenga misheni yake, karibu na Nairobi, pakaitwa Thogoto, yaani “Scot” kwa matamshi yao, na jina hilo limebaki hadi leo. Himaya ndiyo iliyompa Mskoti maskini kazi, cheo na shamba, na kwa hiyo sababu ya kujiita Mbritania. Jambo hilo halipunguzi hata chembe uzito wa ukoloni kwa waliotawaliwa. Linaonyesha tu kwamba gharama ya kuujenga utambulisho ule ililipwa kwa kiasi kikubwa na watu wa mbali.

Bendera yao inaisimulia hadithi hii vizuri kuliko vitabu vingi. Msalaba mwekundu ulionyooka ni wa England. Msalaba mweupe wa mshazari juu ya buluu ni wa Uskoti. Mwaka 1801, Ireland ilipoingizwa katika Muungano, uliongezwa msalaba mwekundu wa mshazari, lakini haukuwekwa katikati ya ule mweupe: upande wa mlingoti mweupe umekaa juu ya mwekundu, upande wa pili mwekundu umekaa juu ya mweupe. Ukiipandisha bendera hiyo kichwa chini, anayeijua atagundua mara moja. Hata nyuzi za kitambaa zilipangwa kwa kujali nani atangulie. Wales haimo kabisa, kwa kuwa sheria za mwaka 1535 na 1542 zilikuwa zimeimeza ndani ya England, zikafanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama zake. Na Ireland, ambayo msalaba wake bado umo, sehemu yake kubwa iliondoka mwaka 1922. Huko mkataba ulivunjwa mapema. Wakatoliki waliotarajia haki ya kuingia bungeni mara baada ya Muungano waliisubiri hadi 1829, na njaa iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni moja chini ya serikali ya London. Muungano usiomtendea mshirika wake kama mshirika haukupata moyo.

Wapo watakaopinga kwamba taifa hili ni la kale mno kuitwa la mkataba. Athelstan alikuwa mfalme wa Waingereza wote mwaka 927, na Warumi waliliita jimbo lao Britannia karne tisa kabla yake. Ni kweli, England ni ya kale. Lakini ukale huo ni wa England peke yake, nao pia umechanganyika: baada ya 1066 wakubwa wake walizungumza Kifaransa, na hadi leo idhini ya mfalme kwa mswada ina tamko lake la Kifaransa cha Wanormani. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mataifa yote yalitengenezwa, basi kwa nini kuwanyooshea kidole hawa? Kwa sababu wengi waliotengeneza taifa walizivunja sehemu zake ili wapate kitu kimoja. Hawa waliziacha zisimame, na mabenki ya Uskoti yanachapa noti zake yenyewe mpaka leo. Nguvu ya Ubritania imekuwa hapo, katika kumruhusu mtu awe vitu viwili kwa pamoja.

Ndiyo maana sheria ya mwaka 1968 inaumiza kuikumbuka. Wahindi wengi wa Kenya walikuwa na pasipoti halali za Uingereza. Walipoanza kuondoka kwa wingi, Bunge lilipitisha kwa siku chache tu sheria iliyowafungia mlango wale wasio na mzazi, babu au bibi aliyezaliwa au kupata uraia visiwani. Mkataba uligeuzwa kuwa suala la damu. Oktoba 2022 aliyeingia ofisi ya Waziri Mkuu alikuwa Rishi Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Dola lilelile lilifanya yote mawili katika muda wa miaka 54, na lililo karibu na asili yake ni hili la pili.

Leo vita na Ufaransa vimekwisha, makanisa yamepungua waumini, na himaya haipo. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1966 mashabiki wa England walipeperusha bendera ya Muungano. Kufikia mashindano ya Ulaya ya 1996 walikuwa wakipeperusha msalaba mwekundu wa England peke yake. Septemba 18, 2014 Waskoti waliulizwa kama nchi yao iwe huru, London ikiwa imeridhia waulizwe. Asilimia 55 walikataa. Miaka miwili baadaye asilimia 62 yao walipiga kura kubaki Umoja wa Ulaya, wakatolewa humo kwa kura za England na Wales. Serikali ya Edinburgh ikataka kuuliza tena. Novemba 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Bunge la Uskoti haliwezi kuitisha kura hiyo bila ridhaa ya London. Majaji walisoma sheria kama ilivyoandikwa. Swali ambalo halikuwa mbele yao ni kama mshirika aliyeingia kwa hiari mwaka 1707 anaweza kuzuiwa hata kuulizwa, na bado kitu kile kikaitwa muungano.