Kutoka Barabara hadi Bustani: Matumizi, Usanifu na Sheria katika 34th Avenue, New York

Mipango miji ina mazoea ya kuanza na mchoro. Msanifu huchora, serikali hutafuta fedha, na wakazi huitwa mwishoni kuonyeshwa yaliyokwisha kuamuliwa. Makala haya yanatetea utaratibu ulio kinyume: barabara pana igeuzwe bustani kwanza na wale wanaoitumia, usanifu ufuate nyendo zao, kisha sheria ilinde kilichopatikana. Mfano tunaouchambua ni 34th Avenue katika mtaa wa Jackson Heights, Queens, jijini New York.

Jackson Heights ni makazi ya wahamiaji wengi kutoka Amerika ya Kusini na Asia ya Kusini. Watu wamebanana katika majengo ya ghorofa, na mtaa huo ni miongoni mwa sehemu za jiji zenye uhaba mkubwa wa bustani. Machi na Aprili 2020, Hospitali ya Elmhurst iliyo jirani ilielemewa na wagonjwa wa UVIKO-19. Mei mwaka huohuo, jiji lilianza kuyazuia magari yanayopita tu yasiingie 34th Avenue. Eneo hilo lilifikia vipande 26 vya barabara, kutoka 69th Street hadi Junction Boulevard, urefu wa takribani kilomita 2.

Kazi ya kila siku waliibeba majirani. Walijitolea kuweka vizuizi asubuhi na kuviondoa jioni, wakatunza mimea ya ukanda wa kati, wakaendesha madarasa ya Kiingereza kwa wahamiaji, mazoezi ya viungo na michezo ya watoto. Idara ya Uchukuzi ilipoleta mapendekezo ya usanifu mwaka 2021, ilikuta barabara ambayo tayari ina maisha yake. Ilijulikana shule zilipo na watoto wanakomwagikia wakati wa kutoka. Hivyo viwanja visivyopitiwa na magari vilipendekezwa mahali ambapo haja yake ilishaonekana kwa macho.

Kigali inathibitisha jambo hilohilo kutoka upande mwingine. Mwaka 2015 jiji hilo lilipiga marufuku magari katika sehemu ya barabara ya KN 4, katikati ya mji. Magari yaliondoka, lakini kwa miaka kadhaa eneo lilibaki zaidi lami tupu. Lilifunguliwa upya mwaka 2022 kwa jina la Imbuga City Walk, likiwa na viti, miti na nafasi za michezo. Amri inaweza kuondoa gari kwa siku moja. Kumfanya mtu akae, azungumze na arudi kesho ni kazi nyingine.

Wanaopinga mageuzi ya 34th Avenue wana hoja zinazostahili kujibiwa. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto lazima yapite, na mwenye ulemavu hana budi kushushwa karibu na mlango wake. Hoja hizi zinadai usanifu makini, hazidai kurejea tulikotoka. Njia iliyoachwa wazi kwa ajili ya zimamoto inaweza kuchezewa na watoto saa zote ambazo hakuna moto. Hoja ya maegesho ina uzito mdogo zaidi: gari lililosimama hutwaa ardhi ya umma mchana kutwa kwa faida ya mtu mmoja, na ni mazoea tu yanayotufanya tuone ugawaji huo kuwa wa haki.

Hata hivyo, moyo wa kujitolea huchoka, na uongozi wa jiji hubadilika. Jijini New York barabara ziko chini ya idara moja na bustani chini ya nyingine. Ardhi iliyotengwa kisheria kuwa bustani haiwezi kupewa matumizi mengine bila idhini ya bunge la jimbo. 34th Avenue, kwa kuwa ni barabara, haina kinga hiyo, hata wakazi wakiiita Paseo Park. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo madai ya msingi ni mawili. Kwanza, barabara ambayo wananchi wameithibitisha kuwa bustani iandikishwe hivyo kisheria. Pili, itengewe bajeti ya watunzaji wanaolipwa, huku wakazi wakibaki na sauti ya kuamua shughuli zake. Jiji linaloajiri mafundi wa kuziba mashimo ya lami kila mwaka linaweza kuajiri watunza bustani. Kuwaachia majirani mzigo huo bila malipo, kisha kujivunia matunda yake, ni dhuluma.