Kutoka Darasa la Kiswahili hadi Studio: Funzo la Gisenyi

Kila mwaka wanafunzi wetu huuliza swali lile lile: je, aliyesomea Kiswahili hana mlango mwingine isipokuwa ualimu? Milango inayotajwa mara kwa mara ni utangazaji wa redio na utafiti wa vipindi vya televisheni. Makala hii fupi inajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia, kwa kuutazama mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu. Historia yake inaonyesha kwamba lugha humfungulia mtu mlango wa studio, lakini haitoshi kumfanya mwanahabari.

Kiswahili kilifika Gisenyi pamoja na wafanyabiashara na askari wa Wajerumani, ambao utawala wao ulikoma mwaka 1916. Kiliendelea kuishi sokoni na mpakani, kwa kuwa mji wa Goma uko hatua chache tu ng'ambo. Hewani, BBC ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1957, na Deutsche Welle mwaka 1963. Miaka miwili baadaye Deutsche Welle ilifungua mjini Kigali kituo cha kurushia matangazo yake, kikadumu hadi 2015. Redio Rwanda ilianza mwaka 1961, lakini televisheni ya taifa ilingoja hadi Desemba 1992. Kwa hiyo, kwa miongo mitatu, aliyetaka kuwa mtangazaji nchini aliifikiria redio.

Kisha ikaja RTLM, iliyoanza kusikika Julai 1993. Watangazaji wake hawakukosa ufasaha. Walijua mzaha, muziki na maneno ya mitaani, na wakavitumia kuchochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Jean-Bosco Barayagwiza, mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, wote wawili walikuwa wenyeji wa mkoa wa Gisenyi wa wakati huo. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani pamoja na Ferdinand Nahimana. Katika rufaa, mwaka 2007, adhabu zao zilipunguzwa hadi kifungo cha miaka 30 kwa Nahimana, 32 kwa Barayagwiza na 35 kwa Ngeze. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita jambo hili kimya, maana ufasaha tunaousifu darasani ndio uliotumika huko.

Lakini kazi hiyo hiyo ina upande mwingine. Mpiga picha Mwingereza Nick Hughes alirekodi mauaji mjini Kigali mwezi Aprili 1994, na baadaye akatoa ushahidi katika mahakama hiyo ya Arusha. Yeye na Eric Kabera, Mnyarwanda aliyezaliwa Kongo, walitengeneza filamu ya 100 Days mwaka 2001. Mwaka 2004 Kabera alitoa filamu ya Keepers of Memory, inayowasikiliza walionusurika. Chuo cha filamu alichokianzisha Kigali kinaitwa Kwetu, neno la Kiswahili. Hapa tunaona utafiti hasa: kumtafuta shahidi, kumsikiliza kwa subira na kulinganisha maneno yake na ya wengine kabla ya kuyarusha.

Gisenyi bado inahitaji kazi hiyo. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, watu wa Goma walikimbilia Gisenyi kwa maelfu. Mwezi uliofuata Redio Okapi ilianzishwa Kongo, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake. Volkano ililipuka tena Mei 2021, na watu wakavuka tena. Katika saa kama hizo uvumi husambaa kwa Kiswahili, na ukweli nao hauna budi kupata msemaji wa Kiswahili.

Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na mlango umepanuka. Tuwazoeze basi wanafunzi wetu, pamoja na insha na ngeli, kuhoji mtu sokoni, kunukuu bila kuongeza chumvi, kutafsiri ushuhuda kwa uaminifu, na kuuliza kila mara: nani kasema, na alijuaje? Anayelizoea swali hilo darasani atakwenda nalo hadi studio.