Mashine Nane, Kamera Moja

Msee, kabla ulie eti huna kamera ya maana, skiza hii stori.

Mwaka wa 2006, OK Go, bendi ya roki ya vijana wanne kutoka Chicago, ilitoa video ya "Here It Goes Again". Hakuna magari, hakuna jumba la kifahari. Trish Sie, dadake mwimbaji Damian Kulash, aliwapangia densi juu ya mashine nane za jimu, zile za kukimbilia. Kamera moja, imesimama tu. Hakuna kukatakata: mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Wakaiweka YouTube, ambayo ilikuwa bado changa. Watu wakaisambaza vibaya sana, na 2007 ikashinda Grammy.

Wengi huishia hapo. Sehemu inayoniuma ni ile iliyofuata.

Baadaye kampuni yao ya muziki, EMI, ilizuia video zao za YouTube zisichezwe kwenye tovuti zingine, juu huko haikuwa inalipwa. Yaani mlango uleule ulioleta mashabiki ndio ulifungwa. Kulash akalalamika wazi gazetini. Mwaka wa 2010 bendi ikatoka, ikaanzisha lebo yake, Paracadute.

Kwa hivyo sisi wa kushuti na simu tusidanganyane. Kamera ndogo haijawahi kuua kazi nzuri. Mkataba ndio unaweza. Kabla usaini, uliza nani atashika ufunguo wa kusambaza kazi yako.