Kosa Lililojificha Miaka 11



Darasa halikosi mtundu wa kuthibitisha ubaoni kwamba 1 ni sawa na 2. Huyo hukamatwa mapema: mahali fulani amegawanya kwa sifuri. Mimi nataka kuwasimulieni kosa lililowapita wataalamu wenyewe.

Mwaka 1852 kijana Mwingereza, Francis Guthrie, ambaye baadaye alisomesha hisabati Afrika ya Kusini, alikuwa akipaka rangi ramani ya wilaya za kwao. Akaona rangi nne zatosha ili majirani wasifanane. Je, zatosha kwa ramani yoyote? Kwamba tatu hazitoshi, tazameni ramani ya Afrika: Tanzania, Malawi, Zambia na Msumbiji, kila moja inapakana na zile nyingine tatu.

Mwaka 1879 Alfred Kempe, mwanasheria wa London, alichapisha uthibitisho, nao ukakubaliwa. Hoja yake ni hii: nchi moja ikibaki bila rangi, na majirani zake wamekwisha kutumia zote nne, fuata mnyororo wa nchi za rangi mbili, tuseme bluu na njano, uzibadilishane. Hivyo rangi moja huachwa huru. Hoja nzuri kweli, nami siungani na wanaomcheka Kempe. Lakini penye majirani watano alibadilisha minyororo miwili kwa pamoja, mmoja wa bluu na njano, mwingine wa bluu na kijani. Kila badiliko peke yake ni halali. Yakifanywa yote mawili, nchi ya njano yaweza kugeuka bluu, na jirani yake ya kijani nayo ikageuka bluu!

Percy Heawood wa Durham ndiye aliyeligundua kosa hilo, mwaka 1890. Kempe alikiri. Kwa njia ile ile ya Kempe, Heawood akathibitisha kwamba rangi tano zatosha daima. Ya nne ikabaki deni.

Deni lililipwa mwaka 1976 na Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kwa kompyuta iliyofanya kazi zaidi ya saa 1,000. Wengi walinung'unika: nani atakagua hesabu za mashine? Mwaka 2005 Georges Gonthier alitangaza kwamba uthibitisho wote umekaguliwa, hatua kwa hatua, na programu nyingine. Minyororo ya Kempe imo ndani yake. Basi ramani ya kata za Dar es Salaam, Mchafukoge na Kariakoo zikiwamo, haitaki penseli ya tano.