Historia Fupi ya Tovuti Hewa

Unatafuta kitu rahisi kwenye simu, tuseme ada ya pasipoti. Unafungua ukurasa wa kwanza. Tangazo. Aya mbili zinakueleza kwamba pasipoti ni hati muhimu kwa msafiri. Tangazo. Aya ya tatu inarudia ya kwanza kwa maneno mengine. Kisha tangazo la kamari linaruka na kufunika skrini nzima. Ada hujaiona, na bando imeenda. Maofisini tuna wafanyakazi hewa; mtandaoni tuna tovuti hewa. Zipo, zinalipwa, ila kazi hazifanyi.

Mimi huziripoti. Marafiki zangu hunicheka: ati nani anasoma hizo ripoti zako? Swali lao si baya, na jibu lake limo katika historia ya miaka ishirini hivi.

Tuanzie Juni 2003, Google ilipoifungua AdSense kwa kila mtu. Kabla ya hapo, kuuza matangazo ya maana kulitaka uwe na jina na watu wa mauzo. Sasa ulinakili mistari michache ya msimbo, ukaibandika kwenye ukurasa wako, na matangazo yakajileta yenyewe, yakifuata maneno yaliyoandikwa pale. Msomaji akibofya, mwenye tangazo anakatwa pesa. Google inachukua fungu lake, nawe unapata lako.

Kwa mwandishi mdogo hiyo ilikuwa neema. Lakini wajanja waliona mwanya hapo hapo. Ikiwa pesa zinafuata maneno, ya nini kuandika unachokijua? Andika neno lenye bei. Neno lililotia fora lilikuwa mesothelioma, saratani inayoletwa na vumbi la asbesto. Mawakili wa Marekani waliowinda wateja wa kesi za fidia walikuwa radhi kulipa makumi ya dola kwa mbofyo mmoja tu. Basi kurasa kuhusu ugonjwa huo zikachipuka kama uyoga, nyingi zikiandikwa na watu wasio na habari yoyote ya tiba.

Hebu mfikirie mgonjwa halisi anayetua humo usiku wa manane. Ukurasa haukutaka apate jibu, maana akilipata atatulia asome. Ulitaka achoke, abofye tangazo, aondoke. Ubovu wake haukutokana na uvivu wa mwandishi. Ndio uliokuwa mtambo wenyewe wa kuingiza pesa.

Mlalamikaji angeenda wapi? Chini ya matangazo ya enzi hizo palikuwa na maandishi madogo, “Ads by Goooooogle”, herufi o zikiwa zimejipanga foleni. Ukiyabofya ulipata mahali pa kutoa maoni yako kuhusu tovuti uliyokuwa ukiitazama. Wenye tovuti halali wakawa wanahimizana kupitia hapo kushtaki zile hewa. Tatizo ni kwamba hakimu alikuwa mbia wa mshtakiwa. Mnamo Mei 2010 Google ilitangaza mgao wake: kwa matangazo ya kwenye kurasa za maandishi, mwenye tovuti alipata asilimia 68, nayo ikabaki na 32. Kila mbofyo kwenye tovuti hewa uliilisha kampuni iliyotakiwa kuifunga.

Hata hivyo, mbia huyo alikuwa na hofu yake. Wafanyabiashara wakihisi wanalipia upepo, watafunga mifuko. Mei 2007 baadhi ya wenye tovuti za aina hiyo walipokea barua pepe zikiwaarifu kwamba akaunti zao zingefungwa Juni 1. Wengine walikwisha jifunza kujificha vizuri zaidi.

Walijificha nyuma ya wingi. Badala ya kurasa tupu yakaja mashamba ya makala: maelfu ya maandishi ya haraka haraka kuhusu kila kitu ambacho mtu angeweza kukitafuta. Demand Media, wenye eHow, waliingia katika soko la hisa la New York Januari 2011.

Mashamba yanahitaji vibarua, na hapa ndipo hadithi inapofika kwetu. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilianza kazi Mombasa, na intaneti ya kasi ikaanza kuingia hosteli na saiba zetu. Niliwaona wanafunzi wenzangu wakikesha kuandika maneno 500 kuhusu kuziba paa la nyumba ya Ohio, kwa dola mbili au tatu. Hawakuwa matapeli. Walikuwa na kodi ya kulipa na Kiingereza kizuri, basi.

Mwezi Februari 2011 mambo mawili yalitokea. Kwanza, Google ilitoa programu-jalizi ya Chrome iliyomwezesha mtu kuzuia tovuti asiyoitaka katika matokeo yake, na kuifahamisha kampuni. Siku kumi hivi baadaye ikabadilisha kanuni za utafutaji, mabadiliko yaliyokuja kuitwa Panda. Yaligusa asilimia 11.8 ya utafutaji wa Marekani. Google ilisema haikutumia orodha za watu kuyatengeneza, lakini ilipolinganisha, kanuni mpya zilikuwa zimezigusa asilimia 84 ya zile tovuti kadhaa zilizozuiwa na watu wengi zaidi. Aprili, Panda ilipopanuliwa kwa watumiaji wa Kiingereza duniani kote, orodha hizo zikaanza kuhesabiwa pia.

Hilo ndilo jibu langu kwa marafiki. Ripoti moja ni tone. Zikijumlishwa zinakuwa ushahidi, hata mbele ya hakimu mwenye hisa zake.

Ila nyundo ilipotua, iliwafikia kwanza walio chini. Oda za wenzangu zilikauka, na malipo mengine hayakuja kabisa. Hakuna fomu ya kuripoti hilo.

Nao mchezo haukufa. Mwaka 2023 chama cha watangazaji wa Marekani, ANA, kilichunguza matangazo yanayonunuliwa na mitambo na kukuta asilimia 15 ya matumizi yakiishia kwenye tovuti zilizojengwa kwa ajili ya matangazo tu. Kibarua wa dola mbili naye anaachishwa kazi na akili mnemba, isiyolala wala kudai.

Kuna jambo linalotuhusu zaidi. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya maandishi ya mtandaoni katika lugha zenye maandishi machache, zikiwemo za Afrika, ni tafsiri za mashine. Watafiti walishuku kuwa chanzo ni makala dhaifu za Kiingereza zinazotafsiriwa kwa mkupuo ili kuvuna pesa za matangazo. Kiingereza kina maktaba nzima ya kukilinda. Sisi, kurasa hewa elfu chache zinatosha kumfanya mtoto wa Kayole au Kisauni aamini kwamba Kiswahili huzungumzwa hivyo.

Kwa hiyo naendelea. Nabofya alama iliyo pembeni mwa tangazo, naripoti. Najaza fomu ya Google ya kuripoti taka. Kisha, na hii ndiyo huwashtua zaidi, naipiga picha skrini na kuituma kwa kampuni ambayo tangazo lake limekaa pale: tazameni pesa zenu zinakolala. Dakika tatu hivi, bando kidogo. Ukikutana na mojawapo leo, ongeza tone lako.