Kufunga Redio, Kupandikiza Simu

BMW Series 7 iliyoanza kuuzwa mwaka 2008 bado ni gari la heshima. Injini ina nguvu na viti vya ngozi vinadumu. Kilichozeeka ni skrini. Apple ilizindua CarPlay, mfumo wa kuonyesha programu za simu kwenye skrini ya gari, mwaka 2014, na Google ikautangaza wake, Android Auto, mwaka huohuo, wakati gari hili lilikuwa barabarani tayari. Leo mwenyewe anataka ramani ya simu yake ionekane pale kwenye dashibodi. Kazi hiyo tuiiteje?

Mafundi wetu husema kufunga: "nimemfungia redio ya Android." Kwa Toyota Premio ya 2003 neno hilo linatosha kabisa. Fundi anabandua fremu, anachomoa redio ya Kijapani ambayo FM yake inaishia 90, anaunganisha umeme, spika na antena kwenye redio mpya, basi.

Kwenye BMW ile, kuchomoa ni kuharibu. Redio, amplifaya na vifaa vingine vya sauti vimeunganishwa kwa mtandao uitwao MOST, uliojengwa kama pete. Taarifa hupita ndani ya uzi wa plastiki kwa nuru nyekundu, kutoka kifaa hadi kifaa, mpaka zirudi zilikoanzia. Ondoa kifaa kimoja, pete inakatika na gari linakuwa bubu. Isitoshe, mipangilio ya gari na taarifa za matengenezo huonekana kwenye skrini hiyohiyo.

Kwa hiyo fundi anayeijua kazi haondoi kitu. Anaweka kisanduku kidogo kati ya redio na skrini, ili kebo ya picha ipitie humo. Kisanduku kinasikiliza mtandao wa gari: dereva akizungusha kitufe cha iDrive, kile cha kuongozea skrini ya BMW, kinaigeuza ishara ile kuwa amri ya CarPlay; akiweka gia ya kurudi nyuma, kinaipisha kamera. Akibonyeza kitufe cha menyu kwa muda, simu inajitokeza. Akibonyeza tena, BMW inarudi. Sauti ya simu mara nyingi huingia kupitia tundu la AUX, na hapo wengi hulalamika bure: ramani wanaiona, sauti hawaisikii, kumbe hawajachagua AUX.

Ndiyo maana napendekeza kupandikiza. Mpunga hupandikizwa, figo hupandikizwa, na kliniki za uzazi wa mpango zina vipandikizi. Kote huko kitu kigeni kinaingia mahali penye uhai wake, na lazima kipokelewe. Kisanduku kile kiitwe kipandikizi, na kazi yenyewe upandikizaji. "Uboreshaji" ni neno pana mno, hata rangi mpya ni uboreshaji. "Kusasisha" tumezoea kulitumia kwa programu, pasipo kuongeza kifaa.

Tofauti hii ina faida hata kwenye biashara. Tangazo la gari lililotumika likisema "imefungwa CarPlay", mnunuzi hawezi kujua kama mfumo wa kiwandani ungali ndani au uliuzwa kando. Likisema "imepandikizwa", anajua cha kukagua: aikodolee macho skrini, abonyeze kitufe cha menyu, aone kama mipangilio ya gari inarudi, kisha awashe redio yenyewe asikie kama spika zote zinalia.