Safu ya Lugha: Balozi na Mjumbe
Mwandishi mmoja, akisimulia habari za Hōkūleʻa, chombo cha mitumbwi miwili iliyoungwa pamoja, kilichotweka tanga kutoka Hawaii mwaka 1976 hadi Tahiti, kikiongozwa na Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal kwa nyota na mawimbi pasipo dira, amewaita mabaharia wake "mabalozi". Hasha! Balozi, neno lililotufikia kwa Waturuki, nao wakalipata Venice, ni wakili wa dola akaaye ugenini kwa idhini ya serikali mbili (yule wa nyumba kumi tumsamehe). Mjumbe hutumwa, akafikisha salamu, akarejea. Waliolakiwa Papeete, huko Tahiti, na umati uliofurika ufukweni walikuwa wajumbe, na walichokihuisha ni udugu wa Hawaii na Tahiti, wala si ubalozi, ambao Hawaii, jimbo la Marekani tangu 1959, haina mamlaka ya kuufungua.